Nilimkata mama mdogo kwenye picha, laiki zikamiminika!

Wiki hii sina udaku wa mastaa wala habari za nani kaachana na nani. Nina la kwangu mwenyewe, na naliandika huku nikiona aibu kidogo. Ukinicheka, cheka tu. Ila kabla hujamaliza kucheka, fungua simu yako uangalie picha zako mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Mshikaji wangu niliyesoma naye alikuwa amekuja Mwanza kutoka Dar, mapumziko ya siku tatu. Nikampakia kwenye bodaboda mpaka Igombe, kule Ilemela, ukishapita uwanja wa ndege. Mama yangu mdogo anaanika dagaa huko. Nilitaka mgeni aone ziwa lenyewe, siyo lile la kwenye kalenda.

Basi tulifika wakati mzuri kichizi. Jua linazama, wingu zito jeusi limetanda juu ya ziwa, miale inapenya chini yake, maji yamekuwa rangi ya dhahabu. Mtumbwi mmoja unapita taratibu. Ndege weupe wametulia juu ya mawe. Mshikaji akabaki anasema, "Aisee! Aisee!" kama mtu aliyesahau maneno mengine.

Nikatoa simu. Nikapiga picha kumi na kitu. Usiku nikachagua moja, nikaikata kidogo pembeni, nikaongeza rangi kidogo, nikairusha Instagram na maneno haya: "Mwanza, pepo ya duniani." Kulipokucha, laiki 640! Mimi ambaye siku zote napata 30, tena nusu yake ni binamu zangu. Watu wa Dar, wa Arusha, hata jamaa mmoja aliyeko Muscat akaandika kwamba anatamani kurudi nyumbani.

Nilitembea na lile bichwa siku nne nzima.

ALIYEKUWEPO PEMBENI

Siku ya tano nikaitwa Igombe. Mama mdogo akipiga simu hasemi sababu, anasema "njoo" halafu anakata. Nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo."

Akamwambia binti yake alete simu. Picha yangu hiyo, imejaa kioo kizima.

"Hii umepiga wewe?"

"Ndiyo mama."

"Nzuri." Akanyamaza kidogo, akaisogeza karibu na macho. "Hili wingu nalifahamu. Ndilo lililoniharibia dagaa ndoo nne. Sasa mimi mwenyewe niko wapi?"

Hapo ndipo nilipoishiwa pozi, ndugu yangu. Maana alikuwepo. Upande wa kulia wa picha, pale nilipokata, mama mdogo alikuwa ameinama juu ya mchanga anaanua dagaa mbio mbio kabla mvua haijafika. Kanga kiunoni, fagio mkononi, turubai la bluu limetupwa chini, inzi kibao. Kwa macho yangu ya siku ile, turubai na inzi vilikuwa vinaharibu mandhari. Nikakata. Naye nikamkata.

Kibaya zaidi hakikuwa kukata. Kibaya ni kwamba wakati anahangaika kuanua, mimi na mshikaji wangu tulikuwa tumesimama hatua 20 kutoka pale, tunabishana kama picha ikae wima au ilale. Mikono minne ya vijana wenye afya, yote imeshika simu. Mvua ikamkuta katikati ya kazi.

Kama hujui biashara ya dagaa, nikwambie. Dagaa wanakaushwa kwa jua. Wakikauka vizuri wanang'aa kama fedha, wanapanda bei, wanapelekwa Mwaloni pale Kirumba, na kutoka hapo wanavuka mipaka mpaka Kongo. Wakinyeshewa wanapoteza rangi, wanavunjika, wanaanza kunuka. Bei inaporomoka, na wengi wanaishia kuwa chakula cha kuku. Wingu lilelile lililonipa laiki 640 ndilo lililogeuza dagaa wa mama mdogo kuwa pumba.

Nikaanza kujikanyaga. "Mama, unajua hizi picha za mtandaoni inabidi..."

"Inabidi nini? Kuondoa uchafu kwanza?"

Nikabaki kimya. We ungejibu nini?

MJI WA JIWE MOJA

Toka siku hiyo nimekuwa nikiuangalia mji wangu kwa jicho lingine. Na nimegundua siko peke yangu kwa mchezo huu wa mkasi.

Mgeni yeyote akishuka Mwanza, cha kwanza ni "nipeleke Bismarck". Lile jiwe lililosimama juu ya mawe mengine majini karibu na kivuko cha Kamanga, lenye jina la Kansela wa Ujerumani ambaye Wajerumani walitaka akumbukwe hapa. Anapiga selfi, anageuza uso mara sita, anaondoka. Amemaliza Mwanza. Ukimwuliza ziwa lina nini ndani, anakutazama kama umemwomba nauli.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Sasa kwenye simu zetu limekuwa pazia la nyuma, kama lile pazia la studio ya picha enzi za wazee wetu, lenye maporomoko ya maji na maua ya plastiki.

Hata kisiwa cha Saanane, pale ng'ambo ya Capri Point. Vijana wanakwenda, wanapiga picha na pundamilia na mawe, safi sana. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Lakini Saanane ni nani? Saanane Chawandi alikuwa mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale, akahamishwa kupisha wanyama. Jina lake limebaki kwenye kibao cha kuingilia na kwenye maelfu ya picha, lakini wangapi wanaoliandika wanajua ni la mtu? Siku niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mama mdogo na pembe yangu ya kulia.

MWEZI MPEVU, SUFURIA TUPU

Nikakuulize swali la kimapenzi kidogo. Umempeleka mpenzi wako ufukweni, mwezi umejaa, maji yanameremeta. Picha hiyo inaua, au siyo? Hata mimi ninazo, tena siyo moja.

Sasa muulize mvuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Taa inaelea juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu inawazungushia. Ndiyo zile taa nyingi unazoziona usiku, utadhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Lakini mbalamwezi ikiwaka mwanga unakuwa kila mahali, taa inakosa nguvu, dagaa hawajikusanyi. Wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Mwalo unapoa, mwenye kibanda cha chai anapoa, na mama mdogo anahesabu akiba.

Kwa uzito, dagaa ndio samaki wanaovuliwa kwa wingi kuliko wote Ziwa Victoria. Maana yake sufuria nyingi za kanda hii zinasubiri giza. Nimekaa Mwanza maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu amerusha picha ya usiku wa giza akaandika "usiku mzuri". Picha ya giza itaonyesha nini? Nyeusi tu.

Sisemi mwezi ni mbaya. Nasema mimi nilijua uzuri wa mwezi, mama mdogo anajua kazi ya mwezi, na simu yangu ilikuwa inanifundisha kwamba wa kwangu ndio ujuzi na wa kwake ni ushamba.

UA LILILOPENDEZA MPAKA LIKAUA

Kuna video moja ya droni niliwahi kuirusha kwa marafiki. Ghuba imefunikwa kijani kibichi, kama zulia la harusi, na maua ya zambarau juu yake. Watu wakaandika "asili ni tamu". Kumbe lile zulia ni gugumaji!

Wenye umri mkubwa kidogo wanalikumbuka. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likitelemka pia na Mto Kagera, na miaka ya 1990 lilifunga bandari na mialo mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka. Linazuia mwanga usiingie majini, linapunguza hewa, samaki wanakosa pumzi. Ilibidi waletwe wadudu maalumu wanaolitafuna ndipo likapungua.

Sasa sikiliza uhondo. Asili ya mmea huu ni Amerika ya Kusini, na ulisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Watu walilipenda kwa macho, wakaliweka kwenye mabwawa ya bustani, likatoroka. Yaani ugonjwa wa kupenda mandhari bila kuuliza mandhari inakula nini haukuanza na Instagram.

Na halijaisha. Mapema mwaka 2025 gugumaji la aina nyingine, salvinia, lilisumbua vivuko pale Kigongo na Busisi. Abiria walikwama, wengine wana wagonjwa. Tarehe 19 Juni mwaka huohuo likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji, na sasa hapo ndipo mahali pa selfi. Ukiwa juu ya daraja kile kijani kinapendeza kweli kweli. Ukiwa chini, ndani ya mtumbwi, ni habari nyingine.

SIMBA KALILIWA, FURU JE?

Machi 2023 simba mmoja wa Serengeti, Bob Junior, aliuawa na simba wenzake. Bila shaka ulisikia. Alijulikana kwa manyoya yake ya kichwani. Watalii walikuwa wamempiga picha miaka nenda rudi, na alipokufa dunia nzima iliandika rambirambi. Nami niliweka alama ya machozi. Sikuwahi kumwona hata siku moja, ingawa Serengeti kwa upande wa magharibi inakaribia kabisa ziwa letu.

Sasa nikupe msiba mwingine. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki wadogo tunaowaita furu. Wengine walikula konokono, wengine majani, wengine mayai ya wenzao. Madume yao yalikuwa na rangi kali, nyekundu, bluu, njano, utafikiri yamevaa vitenge vya sikukuu. Halafu sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 akaongezeka, na miaka ya 1980 akawameza. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden walikuwa wanawachunguza hapa hapa Ghuba ya Mwanza, wakaona samaki wanaowahesabu wanatoweka mmoja mmoja. Inakadiriwa aina 200 hivi zilipotea.

Rambirambi ziko wapi? Hakuna. Furu hana manyoya ya kupeperuka, anaishi kwenye maji machafu, kamera haimwoni.

Na kuna jambo lililonichoma zaidi. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba maji yakijaa tope na uchafu, majike hawaoni rangi vizuri, aina zinachanganyikana, na tofauti zao zinafutika. Yaani walipotea pia kwa sababu hawakuweza kuonana. Nami nikafikiria, sisi tunaoona kila kitu kwenye kioo kinachong'aa, tunaonana?

FILAMU YA MAPANKI

Wazee wa mtaani kwetu waliposikia nalalamika kuhusu picha, mmoja akacheka sana. Akasema, "Nyie mmeanza jana. Sisi tulishapigwa picha tukalia."

Alikuwa anazungumzia ile filamu ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper kutoka Austria. Sisi tuliiita filamu ya mapanki. Ilipigwa hapa Mwanza na ilionyesha minofu ya sangara ikipanda ndege kwenda Ulaya, na watu wetu wakibaki na mapanki, ile mifupa na vichwa. Ilionyesha umaskini, watoto wa mitaani, machangudoa, na ikagusia habari za silaha kwenye ndege. Mwaka 2006 iliingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua nchi, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga.

Hasira yetu ilikuwa nini? Kwamba jamaa alikata. Alikata harusi zetu, shule zetu, ngoma zetu, mama anayesomesha watoto wanne kwa biashara ya samaki. Akabakiza giza.

Sawa. Na mimi je? Mimi nilikata inzi, turubai, mvua na mama mdogo, nikabakiza dhahabu. Tofauti yangu na yule Mzungu ni upande wa kukata tu. Na mimi sina hata udhuru wa ugeni. Yule aliyekatwa ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tatu.

SIMU SI MCHAWI

Usije ukasema nakutuma utupe simu ziwani. Thubutu! Simu hiyohiyo inamwambia mama mdogo bei ya Mwaloni asubuhi kabla hajapakia, ili dalali asimzungushe. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa, na mvuvi anayeusikia anaweza kubaki nchi kavu siku ya dhoruba akawaona wanawe kesho.

Na kamera nyingine zinaokoa. Julai 2025 watalii walishuka kwenye magari huko Kogatende, Serengeti, wakasimama kwenye ukingo wa Mto Mara wakawazibia nyumbu njia ya kuvuka. Wamefuata nini? Picha! Lakini ni video nyingine ya simu iliyowaumbua, ikazunguka dunia, na watu wakataka wahusika wawajibishwe. Simu zilileta uhuni, simu zikauanika.

Kwa hiyo shida iko kwa anayeishika. Siku hizi nimejiwekea masharti matatu, nawe ukitaka yachukue. La kwanza, kabla sijapiga, namuuliza aliyepo pale anaona nini. Mimi niliona dhahabu, mama mdogo aliona mvua, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. La pili, nikitaka kukata kitu kwenye picha, najiuliza kile kitu kina jina la nani. La tatu ni jepesi kuliko yote. Kama kuna mtu anaanua, weka simu mfukoni kwanza. Jua litazama na kesho.

PICHA YA PILI

Wiki iliyofuata nilirudi Igombe peke yangu. Safari hii nilianika na kuanua mpaka mgongo ukalia, na jioni nikairusha ile picha ya kwanza, nzima, bila mkasi. Wingu, dhahabu, mtumbwi, turubai la bluu, inzi, na mama mdogo ameinama. Nikaandika: "Mama yangu mdogo, Igombe, anakimbizana na mvua. Mvua ilishinda kwa sababu mimi nilikuwa napiga picha hii."

Laiki 52. Jamaa wa Muscat hakuonekana. Mmoja akaandika, "Mbona umeiharibu?"

Lakini wawili waliuliza bei ya dagaa.

Nikampelekea mama mdogo simu, moyo unanidunda, nikitegemea labda atafuta machozi kama kwenye sinema. Akaitazama muda mrefu. Akaivuta kwa vidole viwili mpaka akajiona yeye tu. Halafu akanigeukia kwa hasira za kweli.

"Ndiyo kanga gani hii umenipiga nayo, imechakaa hivi? Watu wa Muscat wananiona hivi? Futa! Jumapili njoo nivae kitenge changu kipya, unipige vizuri. Na hawa inzi uwatoe."

Basi nimebaki njia panda, msomaji wangu. Inzi niwatoe au niwaache? Nimemwahidi Jumapili nitafika mapema. Nitaanza na dagaa.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.